Nilivyomjibia Rafiki Yangu Kisiwani Takawiri

Tulikuwa darasa la saba, shule imetupeleka ziara ya siku moja kisiwa cha Takawiri. Jioni upepo ukaanza, mwenye boti akasema tukichelewa hatuvuki. Mwalimu akaita majina mbio mbio. Rafiki yangu alikuwa ameenda haja nyuma ya mawe, nikabadilisha sauti nikamjibia, "Niko!" Darasani tulikuwa tunasaidiana hivyo kila siku. Nilijua atatokea tu.

Boti ikaondoka na hakutokea.

Mawimbi yakaanza kuturushia maji, wasichana wakaanza nyimbo za kanisa. Huko nyuma nikaona mtu mdogo kwa mchanga anapunga shati. Nikisema, mwalimu atanimaliza. Nikinyamaza, jamaa atanyeshewa huko peke yake usiku mzima.

"Mwalimu, kuna mtu tumeacha."

"Nani? Si wote wamejibu?"

"Mmoja nilimjibia mimi."

Mwenye boti akanitukana kwa Kijaluo, akageuza. Rafiki yangu akapanda akiwa amelowa mpaka kifuani, meno yanagongana. Mwalimu akaita majina upya. Kufika langu, rafiki yangu akaniwahi.

"Huyu hayuko, mwalimu. Twende tu."