Aliyeachia Nondo

Hafidh Athman wa Hayes, magharibi mwa London, hakuwa mtu wa kuita fundi. Alihamisha mizigo ya abiria pale uwanja wa ndege wa Heathrow kwa miaka ishirini na saba, akastaafu na mgongo mbovu na imani moja, kwamba kilichofungwa na mkono wa binadamu hufunguliwa na mkono wa binadamu. Bomba likivuja, yeye ndiye wa kulala chini ya sinki. Boila ya kupasha maji tu ndiyo aliyoiogopa, kwa sababu ya gesi, na hata hapo alimsimamia fundi kichwani mpaka maskini yule akaomba maji ya kunywa ili apate nafasi ya kupumua.

Tena alikuwa mkweli wa kukera. Mkewe, Mungu amrehemu, alizoea kuwaonya wageni: kama hutaki kujua pilau yako ilivyo, usimwulize Hafidh. Sasa mtu huyo asiyejua kufunika kombe ili mwanaharamu apite, alikuwa na neno moja lililomkaa kooni miaka minne, na aliyepaswa kuambiwa alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, Balwinder.

Balwinder alikuwa Singasinga aliyezaliwa Kisumu, fundi wa magari mwana wa fundi wa magari. Walijuana siku Hafidh alipojigonga kichwa kwenye mlango wa banda la bustani akatukana kwa Kiswahili, na sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya ua, "Pole, lakini hiyo tusi ni ya Mombasa kabisa." Tangu hapo wakawa chanda na pete. Walijenga ua pamoja, wakapiga rangi nyumba zote mbili, wakazika paka wa mke wa Balwinder. Balwinder ndiye aliyekuwa bosi, Hafidh msaidizi mwenye maoni mengi. "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe," Balwinder alikuwa akisema kila akimwita, na Hafidh akimcheka, maana ng'ombe mwenyewe Balwinder hamli.

Balwinder alikuwa na sheria moja aliyorithi kwa babake. Mkipokezana kitu kizito, anayepokea aseme "nimeshika," na anayetoa asiachie mpaka alisikie neno hilo. Walilitumia kwa ngazi, kwa makabati, kwa friji. Hakuna kilichowahi kuanguka.

Kisha springi moja kati ya mbili za mlango wa gereji ya Hafidh ikakatika. Ilikuwa siku moja kabla ya Ramadhani. Springi hizo hukaa juu ya mlango, zimejiviringa kwenye mhimili, na ndizo zinazoubeba uzito. Ikikatika, mlango hauinuki hata mkisukuma watatu. Kufunga mpya si kazi ngumu, ila ina hatari. Unaikaza kwa nondo mbili fupi zinazoingia kwenye matundu ya kikombe cha chuma kilicho mwishoni mwa springi. Mmoja anavuta robo mzunguko na kuizuia, mwenzake anaingiza nondo yake kwenye tundu linalofuata, anasema "nimeshika," wa kwanza anaitoa yake. Hivyo hivyo, kama mara thelathini, na kila robo springi inazidi kuwa na nguvu za kumrusha mtu.

Walikuwa wamefika ishirini na kitu. Hafidh ameizuia, Balwinder anatafuta tundu, na simu ikalia mfukoni mwa Hafidh kwa mlio aliouweka kwa ajili ya nyumbani Mombasa peke yake.

Hapa inafaa tumtendee haki. Mamake alipofariki, simu kutoka Mombasa ililia mara tatu akiwa kazini, akaiacha. Alipopiga jioni, mama alikuwa ameshazikwa. Tokea siku ile Hafidh hakuwahi kuiacha simu ya nyumbani ilie mara ya pili. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, kabla akili haijaulizwa. Na mkono huo ndio uliokuwa umeshika nondo.

Nondo ilizunguka ikavipiga vidole vya Balwinder kwenye chuma. Kimoja kilivunjika. Cha pili kilikatwa hospitali, kwenye kiungo cha katikati.

Simu ilikuwa ya dadake. Alitaka kujua kama London watafunga kesho au keshokutwa.

Ndani ya gari, njiani kwenda hospitali, Balwinder alikuwa ameufunga mkono kwa taulo la jikoni, amepauka. Alisema, "Ni mimi, bwana. Nimesema nimeshika mapema. Kichwa yangu imeanza kuzeeka."

Hakuwa amesema. Hafidh alijua hakuwa amesema. Taa ya barabarani ilikuwa nyekundu, palikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibu, naye akajibu, "Usiseme sana, utachoka." Taa ikageuka kijani, wakaenda.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya mnyamavu ni ndefu, na Hafidh aliitembea yote. Kila Ijumaa alipeleka mahamri na mbaazi kule upande wa pili. Majani ya Balwinder aliyakata kabla ya yake. Mke wa Balwinder akawa anawaambia watu wa gurdwara, hekalu lao huko Southall, kwamba jirani kama huyu hapatikani, na Hafidh akisikia sifa hizo alitamani ardhi impokee. Alijiambia atasema kidonda kikipona. Kilipopona, akajiambia ya nini kufukua yaliyokwisha. Wakati huo Balwinder akagawa spana zake zote. Bintiye Priya alipoulizwa sababu alijibu, kwa Kiingereza chake cha hapa, kwamba baba haamini tena mikono yake.

Oktoba hii, asubuhi, springi ya pili ikakatika kwa kishindo kilichomtoa Balwinder nyumbani kwake na malapa. Walisimama mbele ya mlango wakiutazama. Hafidh, bila kufikiri, akasema, "Tuvae glovu, au vipi?"

Balwinder akacheka kidogo. "Mimi? Ita fundi, Hafidh. Mimi nitakuumiza."

Alilisema bila uchungu wowote, namna mtu anavyosema kwamba mvua itanyesha. Hiyo ndiyo iliyomshinda Hafidh. Hasira angeiweza.

"Balwinder, nna neno. Keti."

"Nasikia nikisimama."

"Siku ile hukusema nimeshika. Kichwa chako hakikuwa na kosa. Simu ililia, nikaachia. Mimi ndiye n'loachia. Na garini nikakusikia ukijilaumu, nikanyamaza. Kwa aibu, wallahi. Kwa aibu tu."

Balwinder aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma. Hafidh alikuwa ameyaandaa majibu ya kila tusi, na matusi yote aliona anayastahili. Alikuwa tayari hata kwa kofi.

"Sikusema," Balwinder alisema hatimaye.

"Hukusema."

"Nilikuwa nafikiri usiku mingi. Nikisikia sauti yangu, nimeshika, nimeshika. Nikaona kama nimesema kitu na kumbe sijashika, basi iko kitu imeharibika hapa." Akagusa kilemba chake. "Hii kidole si neno. Ungeniambia garini, ningekutukana mpaka hospitali ya Hillingdon, halafu mambo imekwisha."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Kidole nimesamehe." Akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kama mtu aliyegundua ghafla kwamba amechoka. "Lakini mtoto ya Priya alizaliwa ile mwaka. Unakumbuka? Kila mtu akambeba. Hata wewe umembeba. Mimi walinipa, nikasema hapana, wekeni kwa kitanda, nitamwona tu. Niliogopa. Nilisema, huyu nitamwambia mama yake nimeshika, na sijashika."

Hafidh alimkumbuka mtoto yule mikononi mwake, mzito wa usingizi, na babu yake amesimama kando mikono nyuma, wote wakidhani ni mambo ya wazee wa Kipunjabi.

"Sasa nenda mwite," alisema Hafidh, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Yumo ndani, nimemsikia. Mbebe."

Balwinder akatikisa kichwa.

"Juzi nimejaribu, hapo kwa ngazi," alisema. "Nikajipa moyo, nikanyoosha mikono. Amesema yeye ni mkubwa, anatembea mwenyewe."