Ruta ya Milango Miwili

Ruta ilikaa kwangu kwa sababu ukuta wangu ndio uliotobolewa kupitisha waya wa mtandao. Jirani yangu wa mlango wa pili pale Kabiria, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha watoto wa ng'ambo kupitia kompyuta, ndiye aliyependekeza tuitumie pamoja, nami nikaona ni jambo la busara. Alikuwa rika langu, mtu wa kwetu magharibi, na tulikuwa tumefaana kwa mengi. Siku mke wangu alipozidiwa nami niko safarini, yeye ndiye aliyemkimbiza hospitalini. Basi aliifunga ile ruta mwenyewe, akapanga kila kinachopangwa humo ndani. Mchango wangu ulikuwa kuchemsha chai.

Siku hizo bado nilikuwa nikienda kazini katikati ya jiji, kuhariri gazeti. Baadaye wahariri tukapunguzwa, nikarudi nyumbani na kompyuta ya ofisi niliyoruhusiwa kubaki nayo. Ndipo nilipogundua kwamba asubuhi mtandao wetu hautembei, unatambaa.

Nilipolalamika, jirani alikuja, akaitazama ruta juu ya kabati na kitambaa chake cheupe, akatikisa kichwa.

"Sasa hii itapumua aje, jirani? Mmeifunika kama sahani ya wageni."

Kitambaa kikatolewa. Mke wangu, aliyekifuma kwa mkono wake, alitununia sote wawili kwa siku mbili. Nikaihamishia ruta dirishani, nikairudisha, nikaipandisha juu ya kamusi. Wapi! Kila nilipompigia hodi, jirani alinisikiliza kwa subira ya mwalimu.

Kisha simu yangu ikaanza kuniletea ujumbe kwamba ruta ina toleo jipya la programu inayoiendesha, na kwamba ninashauriwa kuisasisha. Nikamwonyesha.

"Usijaribu!" akasema. "Hii ruta ni ya kitambo. Uki-update inakufa kabisa, inabaki ya kushikilia mlango. Na stima ikipotea katikati, hiyo imeenda."

Nikamwamini. Ukiwa na fundi karibu namna hiyo, utamtafuta mwingine wa nini? Ujumbe ukawa unakuja kila wiki, nami kila wiki naufuta.

Nilikuwa nimemaliza miezi kumi na minne bila kazi wakati kampuni moja ya Kilimani ilipotangaza kwamba inatafuta mhariri wa tafsiri. Usaili ungekuwa wa video, saa nne asubuhi. Sitajifanya kwamba nilikuwa nikitafuta shughuli ya kupitisha muda. Nilikuwa nimechoka kuulizwa na watu wa kanisani nashughulika na nini siku hizi, nimechoka kumwona mke wangu akijibu kwa niaba yangu. Nilimweleza jirani. Asubuhi ile alikuja mlangoni kabla hajaanza vipindi vyake, akaniwekea mkono begani, akafumba macho, akaniombea. Aliomba kwa muda mrefu.

Swali la kwanza nililijibu vizuri. Katika la pili picha zao ziliganda, na pembeni nikaona yangu pia imeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. "Samahani, tumekupoteza tena," mama mmoja kati yao aliniambia mara tatu, kwa adabu. Mara ya nne walinishukuru kwa muda wangu. Barua ya kunikataa ilifika kabla ya wiki kuisha.

Jirani alileta viazi vitamu, akaketi nami mchana kutwa akiwalaani wenye mtandao, kwamba ni wezi waliozoea kutufanya wajinga. Nilimwona ndugu.

Hasira za barua ile ndizo zilizonifanya niwapigie wenye mtandao mwenyewe. Binti aliyepokea simu alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno, kisha akasema huenda toleo jipya likasaidia. Ila ruta ya aina yangu ikisasishwa hurudi ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo ninakili kwanza kila kilichomo. Akanielekeza jinsi ya kuingia, kwa neno la siri lililobandikwa chini ya ruta yenyewe. Mimi ni mhariri, na nikiambiwa ninakili kitu siruki hata nukta. Nilichukua daftari, nikafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, naandika hata nisichokielewa.

Ukurasa wa kugawa kasi ulikuwa na mstari mmoja tu. Nikaunakili: jina la kompyuta, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kasi ya chini kabisa. Nilikuwa nimeshaanza ukurasa uliofuata wakati kalamu iliposimama. Kompyuta ile iliitwa Meza ya Tano. Mafundi wa gazetini ndio walioziita kompyuta zetu kwa meza tulizokalia, na meza ya tano ilikuwa yangu.

Hasira ilichelewa. Kilichonijia kwanza ni aibu, kama mtu aliyekuwa akichekwa na chumba kizima naye akicheka pamoja nao. Niliukumbuka ule mkono begani.

Sasa kile kitufe cha kusasisha kilikuwa mbele yangu. Nikikibonyeza, mstari ule utafutika, nami nitabaki na daftari ambalo yeyote anaweza kusema nimelitunga. Ningeweza kuufuta mstari huo peke yake, lakini nilijuaje amepanda nini kingine kwenye kurasa nisizozielewa? Nikaamua kwanza nimwone. Na kwa ujinga wangu, nikamsubiri hadi saa saba, amalize kipindi.

Tulikutana kwenye baraza kati ya milango yetu. Nikamnyooshea daftari. Alisoma, akajikuna shingo.

"Ah. Hiyo." Hata hakukana. "Unajua vile video inakula net. Wazazi wa hao watoto walikuwa wameanza kucomplain. Na wewe ulikuwa unasoma tu magazeti."

"Na siku ya interview?"

"Nilisahau kuitoa. Mungu ni shahidi."

"Uliniombea!"

"Na niliomba na roho yangu yote."

Hapo nilipaza sauti mpaka wapangaji wa juu wakachungulia. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia alinichezea shere nyumbani mwangu, akala njama na chombo kilicho juu ya kabati langu. Alingoja nimalize, kwa subira ileile.

"Sikiza, tuambiane ukweli kama wazee," akasema polepole. "Hiyo job hawangekupa. Walikuwa wanataka vijana. Hata net ingekuwa kali aje."

Niliingia ndani nikabonyeza. Asilimia zilipanda, stima haikupotea, na baada ya dakika sita hivi ruta ikawaka upya, nzima kabisa. Kumbe hata hilo la kufa lilikuwa uongo. Niliweka neno jipya la siri, nikaapa atalipata nikiwa kaburini. Jioni nikakuta mke wangu ameshampa mke wake. "Watoto wana homework," akasema. "Vita vyenu pigeni nyinyi."

Tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kwa kichwa. Mtandao ulikuwa unakimbia hata nikauonea uchungu.

Miezi michache baadaye niliitwa usaili mwingine wa video, na ofisi moja ya Muthangari. Picha haikuganda hata mara moja. Waliniona vizuri, wakanisikia vizuri, wakauliza maswali yao yote nami nikayajibu yote. Mwishoni mkubwa wao alisema, kwa upole, kwamba hawataki kunipotezea muda kwa kunisubirisha, na kwamba wanatafuta mtu wa aina nyingine.

Alasiri nilikwenda kuchota maji kwenye tangi nikamkuta jirani hapo. Wake zetu walikuwa wamezungumza, bila shaka.

"Nasikia ulikuwa na interview. Imeenda aje?"

"Mtandao ulisumbua," nikasema. "Ukakatika katikati."

Alikuwa amefundisha kwa mtandao huohuo asubuhi nzima. Nilimsikia kupitia ukuta. Alinitazama, kisha akainama kufunga mfereji.

"Pole sana, jirani," akasema.