Dakika Ishirini Hadi Pemba

Mwulize kijana wa leo Pemba iko mbali gani na Tanga, atapapasa simu kabla hujamaliza swali. "Dakika ishirini kwa ndege, baba." Basi, amemaliza. Enzi zetu pale mtaani Makorora, Tanga, safari hiyo ilianza wiki nzima kabla ya kuondoka, na nyumba nzima ilinukia visheti.

Mama yangu alikuwa Mpemba wa Wete aliyeolewa Tanga. Kila mwaka tulikwenda kwao mara moja, kwa boti ya mizigo. Siku kadhaa kabla, mama alikuwa jikoni akikaanga visheti vya njiani, moshi wa kuni umemjaa machoni, nasi tukiiba vile vilivyovunjika. Bahari ikichafuka tulitapika wote, tukapewa ndimu ya kunusa, na ukilia uliambiwa, "Nyamaza, huko uendako ndiko kwenu."

Lakini kwanza tulitumwa kuomba radhi. Hakuna aliyevuka maji bila kuombana radhi na majirani, maana nani ajuaye kama atarudi? Mimi na dada yangu tulipita mlango kwa mlango, shikamoo na ujumbe ule ule: "Mama asema twasafiri, mtuwie radhi." Wazee walijibu, "Tumewawia, nasi mtuwie." Mama Agnesi, jirani yetu Mlutheri ambaye mumewe alitoka mashamba ya mkonge, mwanzoni alidhani tumemkosea jambo. Alipozoea, alipaza sauti ifike hadi kwetu: "Nimemsamehe yote, hata mchi wangu aliouvunja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hata waliokuwa hawasemezani walisemezana.

Mama alipozeeka alitaka kurudi Wete, kwa kaka yake. Nilimpeleka mwenyewe kiwanja cha ndege, simu sikioni, kazini wananiita. Akanishika mkono. "Mwanangu, tuwiane radhi."

Nikacheka. "Mama, kwa dakika ishirini? Chai uliyoiacha nyumbani haijapoa, utakuwa umeshafika. Wiki ijayo nakuja, tutaombana huko huko."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya," akaenda zake.

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Haraka ya nini, Pemba si pale tu? Miaka miwili ikapita hivyo. Mimi niliyevuka bahari kila mwaka nikitapika, nikashindwa na dakika ishirini.

Asubuhi moja mjomba alinipigia simu: mama amefariki alfajiri. Nikakimbilia kiwanjani, ndege ya siku ile imejaa. Nikampigia mjomba, nikimsihi wanisubiri.

"Hatuwezi kumweka, mwanangu," alisema. "Twamzika baada ya adhuhuri."

Nilikaa pale na tikiti ya kesho mfukoni. Nikasikia adhana ya adhuhuri, nikajua kuwa huko Wete wanajipanga kumswalia. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia saa ile.

Siku hizi wanangu huniaga kwa kidole gumba kwenye simu, wakiwa wameshafika Dar. Siwalaumu, wamejifunza kwangu. Kesho yake ya maziko yale nilifika Wete, nikapiga magoti penye udongo mbichi wa kaburi, nikasema, "Mama, niwie radhi." Enzi zetu, ukisema hivyo mlangoni pa mtu, ulijibiwa.