Saa ya Baba Isiyo na Betri

Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa mjini Kigali kutafuta zawadi ya harusi, muuzaji akaanza kunisimulia habari za kiwanda kimoja cha saa cha Japani. Walianza na saa za ukutani, akasema, wakaja za mkononi, kisha... "Kisha zile zinazojijaza kwa mtikisiko wa mkono, na baadaye za betri," nikammalizia. Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshaikumbuka saa ya baba, nikatoka bila kununua kitu.

Historia hiyo nilifundishwa na baba, nyumbani kwetu mtaa wa Rebero. Alikijua kiwanda kile kuliko alivyoujua ukoo wake. Saa yake aliinunua Bujumbura alikokulia, na kila Jumapili baada ya misa aliivua tuisikilize, huku ndizi na maharage vikichemka jikoni.

"Hii haiko na betri," alipenda kusema. "Inaishi na mkono yangu. Ikisimama, mujue na mimi nimesimama."

Ulikuwa utani tu. Ila nilikuwa na miaka minane, na utani wa baba niliumeza mzima mzima.

Akaugua tumbo. Siku ya kupasuliwa, mama aliileta saa nyumbani imefungwa kwenye leso, akarudi hospitalini. Bibi akaiweka kabatini. Siku ya tatu, nikitoa sahani za chakula cha mchana, nikaona mshale wa sekunde umesimama.

Sijawahi kuogopa vile tena. Niliitikisa, ikaamka, nikaivaa juu ya kiwiko maana chini ilipwaya. Nikafagia uwanja uliokuwa safi. Nikamenya ndizi, nikafagia tena. Mkono uliuma, lakini niliamini nikipumzika baba atakufa, na kosa litakuwa langu.

"Wewe, huo mkono iko na nini?" bibi akauliza.

Nikamwambia yote nikilia. Nilidhani atanicheka, au atanikemea kwa ushirikina, maana rozari haikumtoka mkononi. Aliniangalia, nikaona kumbe naye anaogopa.

"Lete, mwana wanjye. Wewe pumzika. Mimi iko na nguvu."

Tukapokezana siku mbili. Alizunguka uwanja akitupa mkono kama askari wa gwaride, majirani wakichungulia juu ya uzio wa mimea ya miyenzi, asijali hata kidogo.

Mama alirudi asubuhi, peke yake, akaketi mlangoni bila kuvua viatu. Tulielewa. Bibi aliendelea kuzunguka, na hakuna aliyethubutu kumwambia asimame. Alipochoka ndipo akaja, akaivua saa, akaniwekea sikioni.

"Sikia, inatembea. Haikusimama. Wewe hauna kosa."

Nyumba ile imeuzwa, na bibi naye hayupo. Tangu hapo nimepata watu wengi wa kuniambia nisiogope, na ninawashukuru. Wa kuogopa pamoja nami ndiye sijampata tena.