Barafu Niliyoipeleka Arusini

Naona haya hata leo, na mvi zimeshaniingia, kusimulia jinsi nilivyopigiwa vigelegele kwa kosa lililokaribia kumuua mtoto wa watu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, nami nimerudi na shahada yangu, msaidizi wa daktari aliyekuwa akijaribu dawa mpya kwa vijana ambao damu yao, ikianza kutoka, haigandi. Dawa ilikuwa maji ya manjano yaliyotengwa na damu ya watu wenye afya, yakagandishwa; yakipata joto hayafai tena. Kama yangeponya hakuna aliyejua, na daktari hakumficha mtu. Khamis, wa miaka kumi na minne, alikuwa akivuja damu ufizini siku ya tatu baada ya kung'oka jino, nikatumwa kiwanda cha barafu kuleta chupa ya mwisho.

Njia ilipita Kibokoni, mlangoni pa shangazi yangu, Bi Rukia, aliyekuwa akimwoza bintiye. Nipite bila kuamkia? (Elimu yote ile, na bado nauogopa ulimi wa shangazi.) Nikaiacha ndoo ya barafu, chupa ikiwa ndani yake, kivulini, nikaingia kwa kikombe kimoja tu cha kahawa, na kwa kuwa kiletwacho nyumba ya arusi hakiulizwi, hupokewa, mara nikasikia vigelegele na jina langu, nami, mjinga, nikainamisha kichwa kupokea shukrani nisizojua ni za nini, nikaongezewa kahawa, nikaongezewa halwa, mpaka ikaja bilauri ya sharbati yenye vipande vya barafu.

"Shangazi, barafu hii mumeipata wapi?"

"Si uliyotuletea, mwanangu! Na ile chupa yako ya samli nimeiweka kando ya jiko, iyayuke."

Nililia mbele ya wageni, nikaeleza yote.

"Na shahada hiyo!" akasema mzee mmoja.

Shangazi akaweka bilauri chini. "Nyamazeni! Kila aliyekunywa barafu ya mgonjwa na akamtolee damu. Inukeni!"

Daktari aliwakuta ukumbini mwa hospitali watu kumi na mmoja wenye kanzu za arusi, bwana arusi mbele. Maji mapya yakatengwa, yakatiwa mshipani mwa Khamis, na kabla ya magharibi pamba ilitoka kinywani mwake kavu. Jino moja si ushahidi, alisema daktari, lakini aliigeuza ile pamba mara tatu, akitabasamu.

Tangu hapo nimeapa: kahawa nanywa mikono ikiwa mitupu. Ila Khamis, shavu limemvimba, aliniita karibu.

"Mwambie shangaziyo," akasema, "nikivuja tena, afanye arusi nyengine."