Ariane na Carte Graphique ya Feni Tatu

Ariane, mushonaji wa nguo wa mtaa wa Kadutu, alitaka kujiundia ordinatere, yaani kompyuta, ya kuchezea mchezo wa mbio za magari. Alibeba sanduku kuukuu la ordinatere, vipande vingine vikiwa tayari ndani, hadi kwa Tonton Hugues, muuzaji wa vipande vya okazio, vilivyokwisha kutumika, akachagua carte graphique, kadi ya kuchora picha za mchezo, yenye feni tatu.

"Tonton, feni zote hizi ni za nini?"

"Ile inachora picha inapata moto sana, feni zinaipoza. Lakini itaingia mu sanduku yako?"

Ariane akatoa metre yake ya kupimia nguo. Carte ilizidi urefu wa sanduku kwa vidole viwili. Akaonyesha nyingine, ya feni moja.

"Na hii ndogo?"

"Itaingia, na inakula courant ya umeme kidogo. Tujaribu."

Walipoifunga na kuwasha, gari la mchezo likakimbia ndani ya mvua kwenye skrini ya Tonton. Ariane akasogea karibu, akishangaa matone yanavyoteleza kwenye kioo cha gari.