Kisanduku cha Kuchafua Sauti

Kisanduku kilifika kutoka Marseille ndani ya sufuria, kimezungushiwa fulana mbili za mtoto, na Mama Mdogo ndiye aliyekifungua kwa sababu aliamini kila kitu kinachotoka Marseille ni chake. Alikigeuza, akakitikisa, akakinusa. Kilikuwa cha bati la kijivu, kikubwa kama nusu ya tofali, na kilikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinachukua sauti iliyorekodiwa kwa mashine mpya, kinaifanya isikike kama imerekodiwa kwenye kanda."

"Kanda gani? Kama zile ulizotupa mwaka jana?"

"Kama zile, ndiyo."

Alikiweka sakafuni taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Mwanangu, umemfukuza mbuzi nyumbani kwa sababu ananuka, halafu umeagiza Ulaya chupa ya harufu ya mbuzi."

(Mama Mdogo alisema kwa Kikomoro, kama wote mtakaowasikia hapa. Mimi nawaandika kwa Kiswahili nilichoachiwa na baba, aliyezaliwa Unguja. Yeye angesema nimempunguzia makali.)

Lakini nilikuwa na sababu. Nilikuwa na studio. Nasema studio kwa kuwa ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Kwa kweli kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama, katika vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, magodoro yameegemezwa ukutani na blanketi limetundikwa dirishani. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, mimi nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Shule niliiacha katikati ya muhula. Daftari langu la hesabu lina ukurasa ambao jibu lake bado linasubiriwa. Nilianza kwa kufagia karakana ya fundi redio wa jirani, nikaishia kushika mashine yake ya kurekodi, na alipohamia Reunion akaniachia. Wateja wangu walikuwa vikundi vya wanawake wanaoimba harusini. Hawakutaka kuimba mbele ya mwanamume wasiyemjua, na mwanamke aliyejua waya upi unaingia wapi alikuwa mimi peke yangu.

Mashine ya fundi ilikuwa ya kanda, nzito kama jeneza. Unyevu wa Moroni ulizila kanda, ukungu ukaota, mpira wa ndani ukalegea, mpaka mwimbaji akaanza wimbo kwa sauti ya miaka ishirini na kuumaliza kwa ya sitini. Nikatafuta mashine ya kisasa, ya diski ndogo. Haikuwa na kelele wala mkwaruzo. Wanawake wakaja, wakaimba, wakajisikiliza, wakaona wametukanwa.

"Sauti yangu umeiogesha kwa sabuni," alisema mmoja.

"Nasikika kama niko hospitali."

"Na nani huyu anayepumua?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sipumui hivyo."

Kanda ilikuwa na huruma. Sauti kali iliiviringisha, nyembamba ikaipa unene, na mama aliyepiga vigelegele pua kwa pua na kipaza sauti alisamehewa. Mashine mpya haikumsamehe mtu. Binamu yangu wa Marseille akaniambia kwamba hata studio kubwa za Ulaya zina malalamiko hayo hayo. Wenye uwezo wanarudia mashine za kanda, na wasio nao wanatumia visanduku vya kuigiza kanda. Yeye alimjua fundi mmoja aliyekuwa akiviunda mezani jikoni kwake, kwa bei ya watu kama sisi.

Siku ile ile nilikifungua kwa bisibisi nitafute kanda ilipo. Haikuwemo. Vifundo havikuwa na maandishi, nikavitia rangi ya kucha ili nisivichanganye. Chekundu kiliongeza unene. Cheupe kiliongeza mvumo, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Cha waridi kiliishusha sauti na kuiyumbisha, kama redio ambayo betri zake zinakata roho, na hicho nilikiona cha kipuuzi. Nani angetaka betri zilizokwisha?

Ulikuwa mwaka ule kisiwa jirani cha Nzwani kilipojitenga nasi. Mutsamudu, mji wake mkuu, walitangaza kwamba wao si wenzetu tena, Moroni wakatangaza kwamba hawalitambui tangazo, na Mutsamudu wakasema hawawatambui wasiowatambua. Ndege zikasimama, simu zikakatika. Na huko Mutsamudu ndiko alikokuwa Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye bila neno lake mdogo wangu asingeolewa.

Kwetu nyumba ni ya wanawake. Mwanamume akioa, huhamia kwa mke. Mama Mkubwa alifanya kinyume: alimfuata mumewe mfanyabiashara mpaka Mutsamudu, na Badjanani wakalizungumza jambo hilo miaka ishirini bila kuchoka. Hata hivyo alibaki mkubwa wa nyumba. Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa Ikoni aliyekuwa anaondoka mwisho wa mwezi kwenda kusoma Madagaska kwa miaka miwili. Ndoa ilipangwa Ijumaa ya mwisho kabla ya safari. Walii alikuwepo, baba yetu mdogo, tayari na kanzu yake imepigwa pasi. Lakini Mama Mdogo alikataa katakata.

"Mkubwa wangu yuko hai. Siwezi kumtoa binti wa nyumba kabla hajasema."

"Simu hakuna, Mama Mdogo."

"Mimi simu nimeikata?"

Watu wa Ikoni wakaanza kuulizana kama nyumba yetu ina mwenyewe. Neno hilo lilinifikia sokoni, nikiwa nimeshika fungu la mihogo. Mimi niliwalea wale watoto nikiwa mtoto. Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba neno la Mama Mkubwa litapatikana hata likiletwa kwenye gunia.

Karibu lije hivyo hivyo. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Madagaska wakiwa wasichana, Wakomoro waliposhambuliwa kule, aliyepoteza kila kitu mara moja na tangu hapo haogopi chochote. Alikuwa akienda Mutsamudu na kurudi kwa njia aliyokataa kumweleza mtu. Nilimkabidhi mashine yangu ya diski, pekee niliyokuwa nayo, nikamfundisha: "Bonyeza hapa, mwambie aseme, bonyeza tena."

"Wakinikamata nayo?"

"Sema ni ya kupimia sukari."

Baada ya wiki mbili akarudi na mashine ndani ya gunia la karafuu, inanukia vizuri kuliko studio nzima. Zilibaki siku tatu kufika Ijumaa. Umeme ulikuja saa nane mchana; nikamkalisha Mama Mdogo kwenye godoro, mdogo wangu akasimama mlangoni akitafuna ncha ya leso, nikabonyeza.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu hawa mama wawili. Mama Mkubwa alipovuka mara ile ya kwanza alitapika njia nzima, akaapa hapandi chombo tena. Mama Mdogo hapandi chombo wala ndege. Kwa hiyo kwa miaka ishirini waliongea kwa kaseti, zikibebwa na wasafiri. Walikuwa na utaratibu wao. Mama Mkubwa alianza kwa kusema, "Mimi hapa," kisha akanyamaza. Katika kimya hicho Mama Mdogo, huku Moroni, aliiambia redio, "Shikamoo, dada." Na kaseti ikaitika, "Marahaba." Mama Mdogo hakuwahi kukosea. Aliulizwa kama amekula, akajibu kwamba amekula, na dada yake akamwambia hajashiba.

Basi nikabonyeza, na sauti ikatoka, safi kabisa. "Mimi hapa." Kimya.

Mama Mdogo alifunga mdomo.

"Marahaba," sauti ikasema, bila mtu wa kuitikiwa.

Iliendelea. Ilimtaja mdogo wangu kwa jina, ikamtaja mama yetu na kumrehemu, ikasema binti aolewe, radhi zote ziko naye. Ilipokwisha, Mama Mdogo akaniangalia kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Umemtoa wapi?"

"Nani?"

"Huyo msichana. Wa Ntsoudjini, siyo? Wa Ntsoudjini wanajua kuigiza."

"Mama Mdogo, huyo ni dada yako!"

"Dada yangu mimi namjua. Dada yangu ana sauti nzito, anaongea polepole kama mtu mwenye heshima zake. Huyu analia kama kinda, na ana haraka kama ameacha maziwa jikoni."

"Lakini amesema kwamba ulipokuwa mdogo uliiba sahani nzima ya halua!"

"Hilo Badjanani nzima inalijua."

Akasimama, akajifunga leso, akatoka. Mdogo wangu hakulia. Alisema tu, "Basi, dada, nitangoja miaka miwili," kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwa kuwapa wengine taabu, na hiyo ilinichoma kuliko kilio.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Mdogo alipokuwa sokoni, nikaliburuta sanduku la kaseti kutoka chini ya kitanda chake, nikacheza moja kwenye redio yake mwenyewe. Na hapo nikaelewa, nikakaa sakafuni kwa kicheko. Mama Mdogo hakubadilisha betri mpaka zife kabisa. Aliamini betri dhaifu bado ina uhai ndani na kuitupa ni dhambi. Miaka ishirini alikuwa amemsikiliza dada yake akizama. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mawimbi, imefunikwa na mvumo wa mafuta jikoni, na kila neno lilichukua muda wake kama mzee anayepanda ngazi. Huyo ndiye dada aliyemjua. Yule mwingine, mwembamba na mwenye haraka, mwenye sauti ile ile aliyozaliwa nayo, alikuwa mgeni.

Niliikopa redio ile, nikarudi studio. Nikapitisha diski kwenye kisanduku na kuanza na vifundo vyote hadi mwisho. Mama Mkubwa akawa mlevi wa bandarini anayetoa radhi. Nikapunguza. Akawa imamu mwenye mafua. Umeme ukakatika, nikangoja, ukarudi. Mdogo wangu akaja kukaa karibu na redio ya Mama Mdogo. Nikawa nacheza kaseti, halafu diski, halafu kaseti, naye ananyoosha kidole juu au chini. Kifundo cha waridi, kile cha kipuuzi, ndicho kilichofanya kazi yote. Tulipokifikisha robo tatu na kiduchu zaidi, mdogo wangu akakunja kidole na kusema, "Huyo hapo."

Niliirekodi kwenye kaseti, nikaitia kwenye redio ile ile, betri zake zile zile. Hapo nikakosea: betri zilizokwisha juu ya sauti niliyokwisha kuichosha. Mama Mkubwa akazama mpaka chini ya bahari. Ikabidi niende dukani kununua betri mpya, za kwanza kwa redio ile tangu sijui lini.

Alhamisi mchana nikamwita Mama Mdogo. Alikuja akiwa amekunja uso, akaketi ukingoni mwa godoro kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

"Mimi hapa," redio ikasema, kwa uzito, polepole, ikiyumba kidogo.

Mgongo wa Mama Mdogo ukanyooka.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba."

Alijibu kila kimya. Alisema amekula. Alipotajwa mama yetu aliinamisha kichwa, na alipotajwa mwizi wa halua alifoka, "Ilikuwa nusu sahani!" Redio iliposema binti aolewe, akaipapasa mgongoni kwa kiganja na kusema, "Aolewe, dada, aolewe."

Mdogo wangu akanitazama. Tungeweza kunyamaza. Lakini sikutaka ndoa isimame juu ya kifundo cha waridi, na tena mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia Mama Mdogo kila kitu: diski ni ile ile ya juzi, maneno ni yale yale, nimeipitisha tu kwenye kisanduku.

Alifikiri. "Hukuongeza neno?"

"Hata moja."

"Wala hukupunguza?"

"Hata la halua."

"Basi juzi ulimleta dada yangu hajavaa, leo umemvisha. Ungemvisha tangu mwanzo tusingegombana." Akainuka. "Mwambie baba yako mdogo kanzu aipige pasi tena, nimemwona nayo imekunjamana. Na hizo betri zitoe, zitaisha bure."

Wakaoana Ijumaa baada ya swala. Watu wa Ikoni walikula vizuri na hawakuuliza tena nyumba ina nani. Studio ilipata wateja. Kila kikundi kilitaka kupitishwa kwenye kisanduku, na kila mwimbaji aliomba kivyake kuongezwa chekundu na wenzake wapunguzwe.

Simu ziliporudi, nilimpeleka Mama Mdogo posta. Nilizungusha namba ya Mutsamudu, nikamkabidhi mkono wa simu. Alisema "Shikamoo, dada," akasikiliza, uso ukabadilika, akaniita kwa kidole.

"Kuna mtoto amepokea. Mwambie aniitie dada yangu."

Nikachukua simu. Upande wa pili Mama Mkubwa alikuwa akimwambia mtu aliyekuwa naye kwamba Moroni wamempa msichana fulani wa posta, na kwamba yeye anamtaka mdogo wake, yule mwenye sauti nzito.

"Kalete kisanduku," akasema Mama Mdogo.

Nilimweleza kwamba hakiunganishwi na simu. Alisema kama ni hivyo, fundi wangu wa Marseille kazi hajaimaliza.